Kibaraza cha Mama na Mbao Zisizooza

Mama yetu ana watoto wawili, lakini anaitwa kwa jina la mmoja. Yeye ni Mama Aristides. Mimi ni Filemon, kitinda mimba, niliyebaki naye kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, huku Kibosho, ninayempeleka misa na kumkatia majani ya ng'ombe, na maisha yangu yote nimesikia watu wakipiga hodi mlangoni wakiita jina la kaka yangu. Sisemi ni kosa lao. Ndiyo desturi, mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Nasema tu kwamba linachoma.

Aristides aliondoka mwaka themanini na sita, biashara zilipoanza kufunguliwa, akawa anavusha mitumba mpakani pale Holili. Mitumba ikazaa duka la vifaa vya ujenzi mjini, duka likazaa nyumba mtaa wa Soweto, huko huko mjini, na pikapu nyeupe. Mimi nilibaki na kahawa, na bei ya kahawa mnajua ilivyotufanya. Kilichoniokoa ni randa na msumeno. Milango mingi ya kata hii nimeitengeneza mimi, na hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu.

Wanasema asiyekuwapo na lake halipo. Kwetu ni kinyume. Jumapili pikapu ikipiga honi pale njiani, Mama anakimbilia chumbani kubadilisha kitenge. Mimi ninayekuwapo siku saba ananipokea na kitenge cha jikoni.

Kitu kimoja nilikuwa nacho ambacho Aristides hakuwa nacho, nacho ni kibaraza. Nyumba yetu imekaa ukingoni, nyuma yake ardhi inashuka ghafla mpaka mferejini. Mwaka themanini na nane nilisimamisha nguzo kwenye ule mteremko, nikatandika mbao za mringaringa, Mama akapata mahali pa kukaa nyuma ya nyumba bila kukanyaga tope. Hapo ndipo alipomenyea ndizi, akachambulia maharage, akasalia rozari. Kila mwaka kabla ya masika nilikisugua, nikang'oa mbao mbili tatu zilizooza, nikaweka mpya, kisha nikakipaka oili chafu kuzuia mchwa. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na siku hizo mbili Mama aliweka kigoda chake pembeni akanisimulia habari za marehemu Baba. Mwaka mzima hatukuzungumza namna hiyo.

Ilipofika elfu mbili na tatu nguzo zilikuwa imara bado, ila sakafu ilikuwa imechoka. Nilikuwa nimeshaagiza mringaringa. Kabla haujaletwa, Jumapili moja ya Julai, ukungu umejaa migombani, pikapu ikaingia imebeba mbao za rangi ya kahawia, zote za urefu mmoja, hazina fundo hata moja.

"Shikamoo Mama," alisema Aristides, hata hajazima gari vizuri. "Nimekuletea sakafu. Ni unga wa mbao umechanganywa na plastiki. Gurdev, yule mkandarasi anayenunua dukani kwangu, alijengea veranda ya hoteli ya watalii, hizi zikabaki."

"Mae! Plastiki?" Mama akaugusa ubao mmoja kwa kidole.

"Haziozi, Mama. Mchwa hawali. Hazipakwi rangi wala oili. Ukimwaga maji umemaliza. Filemon naye atapumzika, kila mwaka amepiga magoti tu."

Nani alimwambia nimechoka kupiga magoti? Nilisimama pale nikiona zile siku zangu mbili zinashushwa garini na kutupwa. Ubao usiotaka kuhudumiwa hauna haja na mtu wa kuuhudumia. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Wivu wa kunikausha mate.

"Aika, mwanangu. Aika sana," Mama alimshukuru, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Ule mshiko naujua. Huwa naupata mwaka mpya.

Aristides alitaka kuleta fundi wa mjini. Nilikataa. Kama sakafu ingekuwa yake, basi mkono ungekuwa wangu. Nikang'oa mringaringa wangu mwenyewe, nikaanza kazi.

Zile mbao zilikuja na karatasi. Aristides aliketi kwenye ngazi akaisoma, akainua kichwa. "Filemon, wanasema uache nafasi. Upana wa penseli kati ya ubao na ubao, na pale ukutani zaidi. Na utumie skrubu."

"Nani fundi hapa?"

"Wewe. Nasema tu walivyoandika."

"Basi niache nifanye kazi."

Huku mlimani mbao tunazipata mbichi. Mringaringa ukitoka kupasuliwa bado una maji, kwa hiyo fundi anayejua kazi hubana ubao na ubao kwa nyundo mpaka zikae kama meno, kwa sababu anajua zitakauka na kujirudi. Ukiacha nafasi leo, baada ya mwaka kuku anapita. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilizibana, nikazisukuma mpaka zikagusa ukuta, nikapiga misumari ya inchi nne. Kuuliza si ujinga, lakini kumuuliza yeye hakukumezeka kwangu.

Krismasi ukoo mzima ulikuja, kutoka Dar, kutoka Arusha. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ililetwa nyuma ya nyumba, na kila aliyekanyaga kibaraza alisema jambo lile lile, "Aristides amemjengea Mama vizuri!" Amemjengea! Vidole vyangu vilikuwa na makovu ya ile nyundo. Nilikunywa mbege yangu nikaenda kulala mchana.

Likaja jua la Februari. Jioni moja nikitoka kazini nilimkuta Mama amekaa jikoni, goti limevimba, shangazi anamkanda kwa maji ya moto. Kibaraza kilikuwa kimebenuka. Mbao zilikuwa zimeinuka katikati mithili ya mgongo wa paka, misumari imeng'oka, na Mama alikuwa amejikwaa na sinia la ndizi mkononi.

"Plastiki za Aristides hizo," alisema shangazi. "Ya Filemon ilidumu miaka kumi na tano."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, goti la mama yangu limevimba na mimi nilifurahi. Nilitoka nje ili wasiuone uso wangu. Majirani walikuja kumpa pole, na kila mmoja aliondoka amesema neno kuhusu vitu vya kununua na thamani ya mbao za kwetu. Wiki nzima nilitembea kijijini kifua mbele.

Siku ya nane nilikwenda kuzing'oa ili nirudishe mringaringa. Nilitoa ubao mmoja, ukaruka. Nikajaribu kuurudisha palepale ulipotoka, ukakataa. Ulikuwa umepita nafasi yake kwa upana wa kidole. Nikaukalia nikafikiri. Mringaringa hujirudi ukikauka. Huu ulikuwa umetanuka kwa joto, na mimi nilikuwa nimeutandika wakati wa baridi, nikaubana, nikaufungia ukutani usipate pa kwenda. Karatasi ilisema. Kaka yangu aliisoma kwa sauti.

Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza siku mbili, na zilikuwa siku tamu, lakini usiku sikulala. Jumamosi asubuhi nilikata jani la isale pale mpakani. Kwetu mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na huwezi kumkatalia, hata akiwa amekuchomea nyumba. Nikaingia jikoni nimelificha nyuma ya mgongo.

Mama alikuwa amenyoosha mguu kwenye gunia. Mapajani mwake kulikuwa na isale lingine, limeshaanza kusinyaa.

"Nani kaleta hilo?"

"Kaka yako. Alikuja Alhamisi, wewe ukiwa Kahe kwenye milango yako. Alipiga magoti hapo hapo ulipo. Amesema kosa ni lake, aliniletea takataka."

Nikinyamaza, yeye ndiye mwana aliyepiga magoti. Nikisema, yeye ndiye mwana aliyebeba kosa la mdogo wake. Kila upande niliogeukia Aristides alikuwa ameshafika, amekaa.

"Mama, si yeye," nilisema. "Ni mimi. Alinisomea niache nafasi, nikakataa."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa hapo hapo anakusomea. Mimi ni mzee, Filemon, sijawa kiziwi."

"Sasa kwa nini ulilipokea la kwake?"

"Isale halikataliwi." Aliuweka mguu wake vizuri kwenye gunia. "Wiki nzima nimekuona unavyotembea. Nikasema, acha nimngoje."

Nikamnyooshea jani langu. Hakulipokea. Aliufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, jani likiwa ndani, akausukuma kifuani kwangu.

"Mimi ninalo tayari. Hilo mpelekee aliyetukanwa kwa ajili yako."

Nilishuka kwa miguu mpaka Soweto, jani mkononi, na kila mtu wa kwetu niliyepishana naye alitazama lile jani na kuelewa ninakwenda kuomba. Kuomba hakukuniuma. Kilichoniuma ni ninayekwenda kumwomba. Nilimkuta Aristides uani anaosha pikapu. Aliniona, akaliona jani, akafunga bomba. Alilipokea kabla sijafungua mdomo, akasema yamekwisha, akamwita mkewe alete chai. Nami njia nzima nilikuwa nimemwomba Mungu kaka yangu anikaripie, walau kidogo, ili na mimi nipate kitu cha kumsamehe.