Safu ya Zao

Katika ofisi yetu Chamwino mimi ndiye niliyetangulia, lakini mfumo wa kuandikisha wakulima wa mbegu za ruzuku alipewa mwenzangu, kijana wa Kondoa aliyehamia juzi. Alipoumaliza, mkuu wetu alimsifu mbele ya wote kwamba hakuna safu hata moja iliyo tupu. Nilipiga makofi kama wengine. Chai yangu ilipoa mezani.

Nikaanza kuupekua. Wakulima wa upande wa Buigiri, nyumbani kwetu Wagogo, karibu wote walionekana wanapanda mahindi. Nilimpigia mama mmoja aliyekuwa mwandikishaji. Akacheka: utamuulizaje Mgogo anapanda nini? Si uwele na mtama? Safu ya zao waandikishaji wengi waliiruka. Na mwenzangu alikuwa ameiagiza hivi: ikiachwa wazi, mfumo ujaze wenyewe "mahindi".

Mbegu zilikuwa karibu kuagizwa. Kwa mvua yetu, mahindi yangekauka shambani, na watu wangekula nini?

Kikaoni nililieleza hilo polepole, nikimtazama mwenzangu. Hakujitetea. Mkuu akasema ni jambo dogo, lile neno libadilishwe liwe uwele.

"Hapana, mkuu," mwenzangu akasema. "Nikilibadilisha leo, litawahusu watakaoandikwa kesho. Walioandikwa tayari watabaki na mahindi. Na wapo waliosema mahindi kweli. Siwezi tena kuwatofautisha."

Jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nasubiri tu mkuu amalize kukohoa, naye akanitangulia.

Mwenzangu akaomba agizo la mbegu lisimame na watu waulizwe upya. Safu isijazwe chochote yenyewe, bali ikatae kuachwa wazi. Kisha akanigeukia. "Dada ndiye aliyeokoa mbegu."

Heri angenibishia. Mkuu aliitikia kwa kichwa, akampa mwenzangu gari la ofisi na safari ya Buigiri. Mfumo ni wake, alisema, akaumalizie. Mimi niliyezaliwa huko nikabaki kupokea simu.

Dirishani nilimwona akifungua mlango wa mbele wa gari, akasita, akarudi ndani hadi mezani kwangu.

"Dada, wazee wa kule wanasalimiwaje kwa Kigogo?"

Ningeweza kumwambia shikamoo inatosha.

"Mbukwenyi," nikasema. Akakosea. Nikamrudisha mpaka akapatia, na alipotoka nilimsikia akiirudia ukumbini, sawasawa kabisa, kama mtoto wa kwetu.