Kikohozi Nilichokipata Nyuma ya Pazia la Padri

Nianze na ujinga wangu, maana wanaonijua hapa Kamina wataanza nao: niliketi kwenye kiti cha padri ndani ya jela, nikajivika stola yake, ule ukanda wa ibada, shingoni, nikamwungamisha mfungwa.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, mdomo usiofungwa hata kwenye mtihani. Kila Jumapili mama alinitwisha beseni la bukari, yaani ugali, na maharage, nikamfuata padri wa jela pamoja na kwaya. Wafungwa wengi jamaa zao wako mbali, kwa hiyo watu wa dini ndio ndugu. Ijumaa wanakuja Waislamu, Jumamosi mchungaji, Jumapili sisi. Padri alitusimulia kwamba mapadri wa zamani walikuja na sabuni na katekisimu tu, na kwamba kuna nchi ambako hata Wabudha wana mtu wao wa kutembelea wafungwa. Papa Ngoie, mfungwa mzee wa Kinkondja, akauliza, "Na bale, banaletaka bukari?"

Padri aliungamisha katika depo, yaani ghala la jela, nyuma ya pazia la gunia. Siku ile mkuu wa jela alimwita, stola ikabaki kitini. Wenzangu wa kwaya walikuwa wananiangalia. Nikaketi. Papa Ngoie akapiga magoti upande wa pili, akakohoa sana, kisha akanong'ona:

"Padri, ninatema damu. Ninaificha. Kapita, mukubwa wa chumba, akijua, atanilalisha karibu na choo."

Nikabana sauti, nikamwambia aende akaimbe wimbo wa Krismasi mara tatu. Akaimba kweli. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Habari ya damu sikumwambia mtu, maana wakubwa wangeniuliza niliisikia wapi. Na kila Jumapili tuligawa chakula katika depo ile isiyo na dirisha, yeye akinikoholea usoni.

Baada ya miezi miwili nilianza mimi. Jasho la usiku lililowesha godoro hata mama akanitandikia nailoni kama kitoto. Mkanda wangu ulitobolewa matundu mapya mawili. Kisha nikatema makohozi darasani, yakawa mekundu.

"Kifua kikuu," munganga wa hospitali akasema. "Nani anakohoa karibu na weye?"

"Hakuna."

"Sema, mutoto," mama akasema.

"Hakuna."

Dawa ni ya miezi sita. Mkojo unatoka kama soda ya machungwa. Siku ya kwanza nilimeza vinini, yaani vidonge, bila kula, nikatapika kwenye miguu ya mama. Tangu siku hiyo aliwasha makaa alfajiri anipikie uji kwanza.

Nililala nikihesabu misumari ya bati. Hata kutania kulinichosha. Kila nilipomeza kinini nilijua kuna mtu asiye nacho. Wiki ya tatu padri alikuja kuniona, nikamwambia yote. Hakunifokea.

"Ile haikuwa maungamo," alisema. "Ilikuwa mugonjwa anaomba munganga. Lakini utamwomba ruhusa ya kumwambia munganga, weye mwenyewe."

Kesho yake tulikwenda, mimi nimefunga kitambaa mdomoni. Papa Ngoie alikuwa mifupa iliyoegemea ukuta. Nilipomweleza kwamba padri wa siku ile nilikuwa mimi, alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Nilijua. Padri gani anavaa sandale ya plastiki?"

"Sasa uliniambia ju ya nini?"

"Ju weye haujuake kunyamaza. Kusema miye mwenyewe, niliogopa. Nilizani kesho tu munganga atajua." Akavuta pumzi. "Maisha yote unapiga kelele, mutoto. Siku ile moja njo ulinyamaza."

Waganga wa hospitali walikuja wakapima chumba chake chote. Wengine wawili walikuwa na kifua kikuu. Papa Ngoie akaanza dawa.

Mimi nimepona. Namshukuru Mungu, padri, na yule munganga aliyeuliza nani anakohoa. Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapimwe. Ukiulizwa nani anakohoa, mtaje. Kumtaja si kumsengenya. Na mkojo usikutishe, maliza dawa.

Siku ya kinini cha mwisho nilimwambia mama kwamba Jumapili nitabaki nimelala, jela imenichosha. Alikuwa anasonga bukari, hakugeuka. Akasema:

"Papa Ngoie iko na vinini, haiko na chakula. Weye unajua namna vinachoma tumbo ya njaa. Kamata beseni."