Pampu Sita za Koboko

Kabla ya pampu zile, nilikuwa nimepima mashine za hospitali kwa miaka saba katika karakana yetu ya Arua, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa langu. Nilipenda kulitaja jambo hilo.

Pampu zilikuja sita, mpya. Kila moja hushika bomba la sindano lenye dawa na kulisukuma polepole, kwa kasi uliyoiandika kwenye kioo chake. Inayoamuru ni programu iliyo ndani. Programu ikikosea, mgonjwa hajui. Anapata dawa nyingi mno au kidogo mno, basi. Kwa hiyo nilizipima siku nne. Nilisukuma maji kwenye chupa ya kupimia huku nikitazama saa. Niliziba mrija ili nisikie kengele ikilia. Nilichomoa waya wa umeme, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka tena. Betri ilishika na kasi haikubadilika. Nikatia sahihi fomu sita, gari likazipeleka Koboko.

Wiki ya tatu nilipigiwa simu na muuguzi mkuu wa wodi ya watoto kule, mama wa makamo mzaliwa wa Aroi, ambaye sauti yake haipandi.

"Fundi, mashine yako moja iko nabadilisha namba."

"Labda mtu amegusa kitufe, Sista."

"Mutu hakugusa. Mimi nilikuwa nasimama hapo."

Sikumwamini. Hata hivyo kesho yake nilikwenda.

Mtoto aliyekuwa kwenye pampu ile, msichana wa miaka miwili kutoka Ludara, nilimkuta ameketi kitandani akinywa uji. Muuguzi alinionyesha daftari. Kila saa alichora mstari wa kalamu kwenye bomba na kuandika kilichobaki, kama alivyofanya tangu enzi ambazo wodi haikuwa na pampu. Mchana ule dawa ilikuwa imekwenda kupita kiasi. Alipotazama kioo, aliona kasi ya mgonjwa wa jana yake, mtu mzima wa wodi jirani iliyokuwa imeazima pampu. Alizima pampu papo hapo, akamlinda mtoto hadi jioni.

Nilichomeka pampu, nikachomoa, nikahesabu hadi kumi, nikachomeka. Mara ishirini. Haikukosea.

"Wewe nachomoa kama mutu anafunga duka," muuguzi alisema. "Umeme ya hapa haiendi vile. Iko nakonyeza tu."

Akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani, akazima na kuwasha haraka kama kupepesa jicho. Akarudia. Mara ya saba kioo kilimeta, na kasi ikawa ya yule mgonjwa wa zamani. Kengele haikulia.

Zote sita zilifanya hivyo, nyingine mapema, nyingine baada ya kukonyezwa mara thelathini. Karakana yetu ina kifaa cha kutuliza umeme. Nilikuwa nimezipima mahali ambapo hazikukusudiwa kuishi.

Mama wa mtoto alikuwa akitutazama muda wote. "Wewe ndiyo ulitengeneza hii?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mimi nilipima."

Alifikiri kidogo. "Sasa tofauti iko wapi?"

Nilianza kumweleza, nikaacha. Nilimpa pole, naye akaipokea kwa kichwa tu.

Niliporudi Arua, mkuu wangu alisoma ripoti yangu mara mbili. "Sahihi hizi ni zako."

"Ndiyo. Nataka kuzifuta."

"Watauliza juu ya mashine nyingine zote ulizopima."

"Waulize."

Hakufurahi, lakini alituma barua kwa watengenezaji pamoja na video niliyopiga kwa simu. Wodi ikarudi kuhesabu matone kwa macho. Baada ya majuma mengi, mhandisi wao alijibu bila kuzunguka: umeme ukipotea kwa kitambo kifupi sana, betri haiwahi kushika, programu huzimika na kuamka kabla haijamaliza kuandika kasi mpya kwenye kumbukumbu, ikasoma ile ya zamani. Nao pia walikuwa wakichomoa na kusubiri. Wakaleta programu mpya.

Safari hii sikupima Arua. Nilipima kwa swichi ileile ya wodi, kila pampu mara mia, muuguzi akihesabu kwa vijistari kwenye daftari. Kwenye ya nne alinisimamisha. Nilikuwa nimeruka hesabu. Tukaanza upya kutoka moja. Hakuna iliyokosea, na kila umeme ulipokonyeza kengele ililia.

Kipimo cha umeme unaokonyeza sasa kimo kwenye fomu yetu. Mashine nilizozipitisha ile miaka saba naendelea kuzirudia, kituo baada ya kituo. Mpaka leo nimekuta mbili zenye kasoro. Moja ilikuwa ikitumika.