Koti la uzi wa kijani

Nimeingia katika duka hili la nguo kuukuu, hapa Bruseli, kwa sababu mvua inanyesha na pesa zangu haziniruhusu kuingia duka lingine. Mlangoni tu harufu imenisimamisha: sabuni kali, vumbi, kabati lililofungwa siku nyingi.

Ni harufu ya balo, furushi la mitumba lililofungwa kwa kamba. Mama aliuza makoti sokoni kwetu Butembo, na kila balo jipya lilipofika, mimi nilishika kamba naye akakata. Asubuhi moja alitoa koti jekundu la sufu, akamvalisha kaka yangu mkubwa aliyekuwa anakwenda Oicha kuvuna kakao, maana juu ya pikipiki njia ni baridi. Mkono mmoja ulikuwa umechanika. Mama akaushona palepale kwa uzi wa kijani. Mwekundu ulikuwa umekwisha.

"Mama, mwenye hii koti iko wapi?" nikauliza.

"Achana naye. Ule mutu hapana sikia tena baridi."

Kaka akacheka, akapanda pikipiki, na koti likaenda likipungua barabarani hadi likapotea. Hakurudi. Waliokwenda kumtafuta shambani walisema waasi wamepita huko; hawakumwona yeye wala koti.

Najua nguo hutoka huku kwenda kwetu, hazirudi. Muuzaji ananiuliza natafuta saizi gani. Vidole vyangu viko kwenye makoti mekundu, vinageuza mikono yake, mmoja baada ya mwingine, vikitafuta uzi wa kijani.