Gita la Kwaya na Kitambaa Changu

Leo nusura niharibu gita ambalo kwaya yetu ya Endabash inalisubiri ibadani kesho.

Ni la umeme, la bei nafuu, lenye tumbo tupu kama ngoma. Limekuja kwa basi kutoka Arusha bila begi, jekundu kwa vumbi.

Nikatoa nyuzi zote, nikalipangusa kwa kitambaa likang'aa.

Kile kibao kinachobeba nyuzi kikadondoka.

Jasho lilinitoka, jamani. Nikafungua gundi.

Mwalimu wa kwaya akaingia. "Weka chini hiyo gundi. Hicho kibao hakigandishwi, kinashikwa na nyuzi tu."

Nikapumua.

Akavuta kiti. "Haya, nionyeshe alama kwenye vumbi, tujue kilikaa wapi. Kikisogea kidogo tu, sauti zinapotoka."

Nikatazama kitambaa mkononi. Chekundu chote.

Nyie mngemjibu nini?