Mama Aliyejibu Nzuri

Miaka ya sabini nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili katika hospitali moja ya Shinyanga, na kama kuna kitu nilichojivunia kuliko cheti changu, ni kujaza fomu. Hakuna mstari niliouacha wazi. Kwa hiyo ofisa wa uhamiaji alipoanza kutuletea watu waliovuka mpaka wa magharibi, daktari hakujisumbua kutafuta mwingine.

Kazi ilikuwa kuzungumza na mtu, kumpima akili, kisha kuandika kama maneno yake yanaaminika. Karatasi ikisema ndiyo, alipelekwa kwenye makazi ya wakimbizi. Ikisema hapana, alirudishwa alikotoka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na nakiri kwamba mzigo huo sikuuhisi begani.

Siku moja akaletwa mwanamke wa makamo aliyekamatwa upande wa Kahama, ambako aliishi kwa kuwatwangia Wasumbwa mihogo. Kiswahili alikiokota huko huko, kidogo lakini cha kueleweka. Ofisa aliniambia kwamba yeye hamwelewi mama huyo. Anadai amekimbia mauaji, lakini ukimuuliza habari zake anajibu vizuri tu kama mtu aliyetoka sokoni. Nje ya mlango wangu benchi lilikuwa limejaa watu wanaosubiri dawa. Mwanamke akiwa bado amesimama, nikafungua fomu, nikaanza kwa salamu kama tulivyofundishwa, ili mgonjwa atulie.

“Habari za nyumbani, mama?”

“Nzuri.”

“Watoto hawajambo?”

“Hawajambo.”

Nikaandika. Akavuta pumzi, akafungua mdomo kutaka kuendelea, lakini mimi nilikuwa nimeshafikia swali linalofuata: leo ni siku gani? Akasema Jumatano, na kweli ilikuwa Jumatano. Robo saa haikuisha. Chini nikaandika kwamba akili yake ni timamu, familia yake ni nzima, na sababu ya kukimbia haionekani. Ofisa akaichukua karatasi siku hiyo hiyo, akasema Ijumaa kuna gari la kwenda mpakani. Kwa kuwa kituoni kwao hapakuwa na chumba cha wanawake, mama yule akabaki kwetu wodini.

Alhamisi asubuhi mpishi wetu, mama wa Kisukuma ambaye hata daktari alimwamkia shikamoo, akanifuata ofisini na mwiko mkononi. Marahaba yenyewe aliitoa nusu nusu. Kumbe usiku ule alikuwa amemkaribisha yule mwanamke jikoni, akampa matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha. Mgeni akala, akanawa, akashukuru. Ndipo akasema “ila”. Ila mume wangu waliniulia uani. Ila nyumba waliichoma. Ila watoto watatu nimewazika njiani.

“Wewe ulimuuliza habari za nyumbani, akakwambia nzuri,” mpishi akasema. “Sasa mwanangu, ulitaka akupe msiba hata hajakaa?”

Desturi hiyo niliijua mwenyewe. Baba yangu alipofariki, mjomba aliyetumwa kunipa habari alisema nyumbani nzuri, shambani nzuri, ng'ombe hawajambo, akanywa uji wote, ndipo akaniambia. Mjomba nilimngoja. Huyu mgeni nilimkatiza nimuulize siku.

Nilikaa na yule mwanamke asubuhi nzima bila fomu, nikaandika baadaye. Mchana tukaenda kwa ofisa. Akaziweka karatasi mbili mezani akauliza, na alikuwa na haki, aamini ipi. Nikamwambia ya kwanza niliiandika kabla sijasikiliza. Nilijua maneno hayo yatamfikia daktari, na kweli yalimfikia.

Ofisa akasema niisome ya pili, mama naye asikie.

Nikasoma habari za mume, nyumba, na watoto watatu. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Nilipomaliza akainua uso.

“Umemwacha mmoja, baba.”

Nikamkumbusha kwa upole kwamba alinitajia watatu. Akasema hao watatu walikuwa na majina. Wa nne alizaliwa njiani, akaishi siku mbili, mama akamzika kabla ya kumpa jina, na yeye hakujua kama serikali huwaandika watoto wa namna hiyo.

Ofisa alikuwa tayari ameshika muhuri. Kwa mkono mwingine akanisogezea kalamu yake.

“Huandikwa,” akamwambia. “Mwandike, ndugu.”

Nikaandika chini ya wale watatu: mtoto mchanga, siku mbili. Mama akaomba aonyeshwe alipoandikwa. Hakujua kusoma. Nikamwonyesha, akaweka kidole pale, na ofisa akangoja mpaka alipokiondoa mwenyewe, ndipo akagonga muhuri kwamba aruhusiwe kubaki.