Waya Juu ya Mlango

Juzi nilisimama kwenye baraza la wateja wa kampuni ya stima, yaani umeme, hapa Kisumu, mtoto mgongoni, nikasema kwa pumzi moja: "Waya imelegea juu ya mlango wetu nyuma ya soko la Kibuye, nikija kuripoti mnataka nambari ya mita, na mita ni ya mwenye nyumba, yuko mtaa wa Milimani na hashiki simu!"

Mkubwa wa kampuni akasema, "Mama, huo ndio utaratibu."

Muuza samaki mmoja aliyeketi nyuma yangu akadakia, "Baba, waya ikimwangukia mtoto, nayo itauliza nambari ya mita?"

Ukumbi ulicheka. Mkubwa akavua miwani, akaipangusa. "Kuanzia leo, ukiripoti waya, taja mahali tu."

Jioni hiyo mafundi walifika wakaikaza ile waya kabla sijaepua ugali. Sasa nikipita ofisi yao natembea kama mkurugenzi.